Siku Foleni Ilipojaa Amen

Kuna asubuhi ambazo naamka ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye kabeji zangu, na kwa kitambo kidogo sijui ni mwaka gani. Nasikia modemu ikipiga simu kliniki ya Githongo. Inaguna, inapiga mluzi, inanyamaza kidogo, halafu inaitikiwa. Nalala nikiisikiliza mpaka ndoto inapokatika, ndipo nakumbuka kwamba nilistaafu zamani, na ile ofisi yetu juu ya mji wa Meru siku hizi wanaweka viti vya kukodisha arusini.

Ninyi vijana mkinitembelea mnaniuliza tulikuwa tunafanya nini na kompyuta miaka ya tisini, kabla intaneti haijafika kwetu. Nawajibu kwamba tulikuwa tunangoja, mnacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Barua ilikuja kwa laini ya simu, ikalala kwenye diski, ikangoja laini iwe wazi, ikaendelea na safari. Nilipenda kungoja huko. Ningeketi na kikombe cha chai, dirisha limejaa ukungu mtupu, nikiwaza barua zinavyoshuka mabonde na kupanda, kupita mashamba ya kahawa, kupita Embu, mpaka kule chini Mbeere kwenye joto na mbuzi. Mchungaji Mutuma, aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa akinikuta hivyo, anakohoa ili nizinduke.

Kazi yangu ilikuwa kutunza seva ya barua ya kliniki za kanisa. Seva ni neno kubwa. Ilikuwa kompyuta kuukuu, imevuliwa kifuniko ili ipate hewa, imewekwa juu ya meza ya shule ya Jumapili. Asubuhi na alasiri ilipigia kila kliniki kwa zamu, ikaacha barua na kuchukua barua. Jioni ilipiga Nairobi. Laini ya simu ilikuwa moja tu, ya kuongea na ya barua ni hiyo hiyo.

Aliyenifundisha ni Njeru, mtu wa Manyatta kule Embu, fundi wa simu maisha yake yote kabla ya kuja kwetu. Njeru hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Mvua ikinyesha na laini ianze kukwaruza, mimi nilikuwa nikiruka huku na huku nikibonyeza vitu. Yeye alikuwa akivuta kiti na kuanza kumenya ndizi. Aliniambia kwamba laini ikilia hivi ni nguzo iliyoinama mahali fulani, ikilia vile ni maji yameingia kwenye kiungo, na katika hali zote mbili hakuna kitufe cha kubonyeza. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nusu ya ufundi ni kujua wakati wa kukaa chini.

Sasa niwaambie habari ya orodha, maana ndiyo niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Zamani kliniki ikiishiwa na dawa, iliniandikia mimi. Mimi nikainakili barua na kuituma Kangeta, nikainakili tena na kuituma Githongo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku moja nikasahau Manyatta, na Manyatta ndiko dawa ilikokuwa. Hakuna aliyeumia, lakini Njeru alisema tuache upuuzi huo, tuweke programu ya orodha. Kliniki inaandika kwa jina moja, jina tulilochagua ni dawa, na programu inamnakilia kila mtu.

Mimi nilidhani tutahitaji kompyuta nyingine. Njeru alicheka. Alisema seva ya barua tayari ipo, inapokea na kupeleka, na programu ya orodha ni mpangaji tu anayekuja kukaa kwenye chumba cha nyuma. Haipeleki barua yenyewe. Unachofanya ni kuifungua ile faili ya majina ya seva na kuandika mstari mmoja unaosema kwamba barua ikija kwa jina la dawa, usiiweke kwenye sanduku la mtu, ipe programu. Programu inasoma wanachama, inatengeneza nakala, inairudishia seva ile kazi yake ya kila siku.

Niliuandika ule mstari kwa mkono wangu. Nikatuma barua ya kujaribu, nikakaa kungoja. Chai ikapoa. Nikakagua tahajia, nikakagua nafasi na alama, nikaufuta nikauandika upya. Njeru alirudi kutoka sokoni na sukuma wiki, akatazama juu ya bega langu.

Akaniuliza, "Umeandika sawa. Lakini umeiambia?"

Kumbe seva haisomi faili hiyo kila wakati. Ukishaibadilisha lazima uiamuru iisome upya, la sivyo itaendelea na yale iliyoyajua jana. Tangu siku hiyo nimewaona watu wengi wa namna hiyo, wengine nimeishi nao nyumba moja. Mkiwahi kuishika kazi hii, kabla ya kulia kwamba mtambo umeharibika, jiulizeni kama mmeuambia.

Mengine niyaseme kwa haraka. Jaribuni orodha mpya na watu wawili kabla ya kuwaingiza wote. Wekeni jina la mwenye orodha, mtu aliye hai, ili barua zinazokataliwa zimrudie yeye na si wanachama. Orodha moja isiwe mwanachama wa orodha nyingine, zitaandikiana mpaka diski ijae. Na mwanachama akitaka kujitoa, mwonyesheni mlango, kwa sababu asipoujua atawaandikia watu wote kwamba anataka kutoka, na watu wote watamwandikia kumuuliza amekosewa nini.

Jambo moja tulibishana. Mtu akijibu barua ya orodha, jibu liende kwa aliyeandika au kwa wote? Njeru na mimi tulitaka liende kwa aliyeandika. Mchungaji Mutuma akasema hapana, orodha ni kama mkutano, mtu akijibu kila mmoja asikie, kwa sababu dawa ikipatikana wengine waache kuhangaika kutafuta. Ilikuwa hoja nzuri. Tukaweka hivyo, na kwa miezi kadhaa ilikwenda vizuri sana. Mtu aliomba kwinini, mwingine akasema anayo, wote wakajua. Nilikuwa nikizitazama barua zikipita na kujisikia kama mtu aliyekaa kwenye daraja akitazama mto.

Halafu Mzee M'Ikiara akasalimia.

M'Ikiara alikuwa mtunza dawa wa Githongo, mzee wa kanisa, mtu wa adabu zake. Jumatatu moja ya msimu wa mvua fupi aliona kwamba tangu orodha ianze watu wanaombana dawa tu, hawajuliani hali. Akaandika kwa wote, "Bwana asifiwe sana."

Ninyi mmekulia hapa, mnajua. Mtu akisema Bwana asifiwe, unaitikia Amen. Hakuna mkutano, wa kahawa, wa shule, wa mahari, unaoanza kabla ya hilo. Asiyeitikia anatazamwa, na baadaye ataulizwa kando kama ana kinyongo na mtu. Basi Manyatta wakaitikia Amen. Kangeta wakaitikia. Kila aliyeitikia, Amen yake ilinakiliwa kwa wote, na wote walipoiona wakakumbuka kwamba wao hawajaitikia. Mtu mmoja, sitamtaja, akaandika "Na tena!" Mnajua Na tena inataka Amen nyingine. Ikaanza raundi ya pili.

Amen ni neno dogo, lakini barua yake si ndogo. Kila moja ilikuwa na bahasha yake ya anwani, na chini yake imebeba barua zote zilizotangulia, maana hakuna aliyejua kuzifuta. Zikanenepa. Nilipoingia ofisini siku iliyofuata nilikuta taa ya modemu haizimiki, foleni imejaa, na mvua imeanza kule Igembe hivyo laini ya Kangeta inakatika na kuanza upya. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwita Mchungaji aone kanisa lake linavyoomba. Yeye pia akacheka, akasema afadhali Amen kuliko matusi, tukaiacha iendelee kujipakua.

Hatukujua kwamba saa hizo hizo, huko chini Mbeere, Sista Muthanje alikuwa akitupigia.

Muthanje alikuwa muuguzi wa zahanati yetu ya mwisho, huko kwenye migunga na mizinga ya nyuki. Kwenye orodha hakuna aliyeandika kwa upole kumzidi. Akiomba hata bandeji alianza na hali ya hewa, akauliza watoto wetu, akaaga kwa baraka. Asubuhi hiyo alipiga simu ya barua, akapata laini ina shughuli. Akapiga tena. Laini ilikuwa na shughuli kwa sababu ilikuwa inapeleka Amen. Alipiga asubuhi nzima, anatoka wodini, anapiga, anarudi wodini.

Barua yake ilipenya mchana, wakati modemu ilipokata simu ya kituo kimoja na kabla haijapiga kingine. Mimi ni mwanachama wa orodha, kwa hiyo nakala yangu ilitua pale pale kwenye seva bila kungoja foleni. Niliifungua nikidhani ni Amen nyingine. Haikuwa na salamu. Ilisema: "Nyoka bafe amemuuma mtoto wa kike mkononi, Wanja, anachunga mbuzi. Mkono umevimba hadi bega. Embu hawana dawa ya sumu, nimeuliza. Nani anayo. Tafadhali nani anayo."

Sijawahi kusahau jinsi ukungu wote ulivyotoka kichwani mwangu. Nilitazama foleni. Barua ya Wanja ilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya Amen zote, inangoja zamu yake kwa adabu.

Mtaniuliza kwa nini sikuinua simu nikaongea. Kwenye kliniki nyingi modemu ndiyo ilikuwa inaidaka simu kabla ya binadamu, na mtu alikuwa wodini. Lakini barua ya orodha ikiingia, printa yao ilianza kupiga kelele, na kelele hiyo ilisikika mpaka kwenye foleni ya wagonjwa. Njia ya haraka ilikuwa ile ile barua, mradi ipite mbele.

Nikaisimamisha seva. Simu ikakatika katikati ya Amen ya mtu. Nikafungua chumba kipya kwenye diski, nikaanza kuzihamisha zile barua nyingine zote. Niliandika herufi moja moja, kwa sababu ukikosea amri hapo, badala ya kuhamisha unafuta, na ukikosea zaidi unaifuta ile moja unayoitaka. Mchungaji Mutuma aliingia akanikuta nimesimama, sikuwa nimekaa.

"Mama Kendi, hizo ni Amen za watu," akasema. "Unazifuta?"

"Sizifuti, Reveren. Zinakaa kando. Mtoto apite kwanza."

Nikamwonyesha barua. Aliisoma, akavuta kiti akakaa karibu nami.

Nikaiwasha seva nikawa napiga kituo kimoja kimoja kwa mkono. Manyatta wakaipokea mara moja, wakajibu hawana. Githongo nao hawana. Kila jibu la hawana lilikuja kwa wote, kama Mchungaji alivyotaka, na safari hiyo nilishukuru, maana tulijua tumebaki na wapi. Tulibaki na Kangeta, na Kangeta kulikuwa na mvua. Napiga, inaitikiwa, inakwaruza, inakatika. Napiga tena. Njeru alikuwa ameshafika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuta kiti. Alishika waya wa simu kwa vidole viwili, akaukaza kwenye kiungo chake ukutani, akaushikilia hapo bila kusogea. Sijui kama ulisaidia chochote. Barua ikaenda.

Daktari wa Kangeta alinieleza baadaye kwamba alikuwa amechoka na kelele za ile printa tangu jana yake, akaja kuizima. Akaona karatasi haina salamu. Akajua kuna mtu yuko taabani. Jibu lake lilikuwa fupi pia: "Ninazo kwa friji. Naweka kwa gari ya miraa sasa hivi. Mtu asimame Embu."

Kangeta wakati wa alasiri, mnajua wenyewe, soko lote linafunga miraa, na magari yanaondoka kwenda Nairobi kana kwamba yanafukuzwa. Hakuna ambulensi ya kuyafikia. Alizifunga zile chupa kwenye majani ya migomba yaliyoloweshwa, jinsi miraa inavyofungwa ibaki mbichi, akampa dereva na kumwambia kuna mtoto. Dereva hakuomba maelezo. Tulimwona akipita Meru, au tulidhani ni yeye, taa zimewaka mchana kwenye manyunyu. Gari la zahanati lilikuwa linamngoja Embu.

Wanja aliishi. Sista Muthanje aliandika kesho yake kwamba anapumua vizuri na ameomba uji. Akaandika pia kwamba vidole viwili vya mkono ule havitapona, nyama imeshakufa, na kwamba dawa ingefika mapema kidogo labda vingebaki. Hakumlaumu mtu. Alirudia hata upole wake, akauliza mvua ya kwetu inaendeleaje.

Mimi nililaumu. Niliwakasirikia wote, M'Ikiara na yule wa Na tena, na kicheko changu mwenyewe cha asubuhi ile. Kila nilipoifikiria ile asubuhi nzima Muthanje akipiga na laini ikimwambia tuna shughuli, nilitaka kuzifuta Amen zote na kuandika sheria kwamba atakayesalimia kwenye orodha atatolewa. Nilibadilisha majibu yaende kwa mwandishi peke yake isipokuwa mtu aamue vingine, na Mchungaji hakupinga. Nikaweka kwamba barua yoyote ya dharura ipite mbele. Lakini chumba kile cha Amen sikukifuta. Nilikifungua mara kadhaa, nikaweka kidole kwenye kitufe, nikakifunga. Hata leo siwezi kuwaeleza vizuri kwa nini.

Wiki chache baadaye mvua zilipopungua, mama yake Wanja alipanda kutoka Mbeere kuja Meru na mtungi wa asali. Alimleta Wanja, mkono umefungwa kitambaa safi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, asiyezoea baridi yetu. Aliomba aonyeshwe watu walioita dawa. Njeru akamwonyesha mimi, mimi nikamwonyesha seva, na Wanja akaichungulia kwa ndani, kwa sababu haikuwa na kifuniko.

Nikaona sina haki ya kupokea asali kabla ya kumwambia ukweli. Nikamweleza, Mchungaji akinisaidia pale Kimeru changu kilipoachana na Kimbeere chake. Nilimwambia dawa ilichelewa. Nilimwambia kwamba muuguzi alipiga tangu asubuhi na njia ilikuwa imezibwa na watu wetu, watu wa kliniki zote, kutoka mlimani mpaka Embu, waliokuwa wakiandika neno moja tu, na kwamba kama si neno hilo mtoto angekuwa na vidole vyake. Nilimwambia barua zao bado ninazo na kama anataka nizifute mbele yake nitazifuta.

Akauliza ni neno gani.

"Amen," nikamwambia.

Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia zile taa ndogo akizihesabu kwa mkono mzima. Akauliza kama walikuwa wameanza kabla mtoto hajaumwa. Nikamwambia ndiyo, siku moja kabla.

"Basi waliitikia kabla sijaomba," akasema.

Mchungaji Mutuma alivua miwani. Mimi nilirudi kwenye kibodi, nikakifungua kile chumba, nikazirudisha zote kwenye foleni, nyuma ya barua za dawa. Mama Wanja alikaa nami akinywa chai mpaka Amen ya mwisho ilipotoka.